Ulimi wa reli, milimita 67, na treni tatu zilizosimama mbali na Walikale

Leo tuongee juu ya kipande cha chuma ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa, hata kukiona. Mtu akitaja reli kwetu, watu wanacheka: reli gani, wakati barabara yenyewe inameza malori? Lakini historia ya madini yetu ilianza na kampuni ya reli, na ndani ya historia hiyo kuna kipande hiki kidogo ambacho kinaeleza mambo mengi.

Iko hivi. Pahali njia moja ya treni inapogawanyika kuwa mbili, lazima kuwe na chuma kinachosogea ili kuamua gurudumu liende wapi. Wafaransa wanakiita sindano. Wajerumani wanakiita ulimi, na mimi ninafuata hao, kwa sababu ndiyo kazi yake: kinalala kwenye ubavu wa reli kubwa, kinauachia, kinalala tena. Ndimi ziko mbili kila mara, zimefungwa pamoja kwa fimbo. Mmoja ukigusa reli yake, mwenzake unakuwa wazi. Mbele kidogo, pale reli mbili zinapokatana, kuna kipande kingine ambacho Wafaransa wanakiita moyo na Waingereza wanakiita chura. Ulimi na moyo: kumbe hata wahandisi wanajua kutafuta majina.

Kwa kuelewa kitu hiki, njia nzuri kuliko kitabu ni kukitengeneza kidogo, kwa mikono. Kuna watu Ulaya na Marekani ambao wanapenda treni za mezani kwa bidii kama sisi tunavyopenda mpira. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni za kuchezea zenye reli za kuunganisha kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na tangu hapo mchezo huo haukusimama. Wengi wananunua njia panda zilizo tayari dukani. Wenye roho ngumu wanakata zao wenyewe, na watu hao watakuambia kwamba kazi yote iko kwenye ulimi.

Mwenye karakana ya chuma, hata ndogo, anaweza kujaribu. Tuchukue kipimo cha 1 kwa 20. Reli itakuwa chuma bapa kilichosimamishwa kwa ubavu juu ya mbao. Kata vipande viwili vya ndimi, kila kimoja kama sentimita 20. Kibane kwenye jiliwa, chukua tupa, usugue upande ule utakaolalia reli kubwa, tuiite reli mama, mpaka ncha iwe nyembamba kama kisu. Usiharakishe. Ukisugua kupita, ncha inajikunja. Ukisugua kidogo, inabaki na bega, na gurudumu likifika pale linagonga na kuruka. Kisha kuna siri moja ambayo macho hayaoni upesi: sehemu ya juu ya ncha inashushwa kidogo, iwe chini ya kichwa cha reli mama. Kwa nini? Kwa sababu ncha nyembamba hivyo haiwezi kubeba uzito. Reli mama inaendelea kubeba, na ulimi unapokea mzigo polepole kadiri unavyonenepa. Hapo gurudumu linahamia njia nyingine bila kushtuka.

Weka sasa fimbo ya kuunganisha ndimi mbili, hakikisha ule ulio wazi unaacha nafasi ya kutosha kwa ukingo wa gurudumu kupita nyuma yake, na sukuma kigari. Kikianguka, pima tena. Karibu kila mara kosa liko kwenye upana kati ya reli na reli.

Kitu hiki hakikuvumbuliwa siku moja. Zamani, kwenye migodi ya Ulaya na njia zake za mbao, walisogeza reli nzima: unachukua mwisho wa reli, unausukuma ukutane na njia hii au ile. Kati yake panabaki pengo, na gurudumu linapiga kwa kishindo. Katika miaka ya 1830 mhandisi Mwingereza, Charles Fox, aliingia katika historia kwa kutengeneza njia panda yenye ndimi zilizochongwa. Ni huyohuyo ambaye kampuni yake ilijenga jumba kubwa la vioo la London kwa maonyesho ya 1851. Jumba liliungua zamani, ila ulimi bado unafanya kazi duniani kote.

Sasa tukuje kwetu.

Mwaka 1902, wakati Kongo bado ni mali ya Leopold II, tajiri wa Ubelgiji Édouard Empain aliunda kampuni ya reli ambayo jina lake refu lilikuwa na maneno "Maziwa Makuu ya Afrika". Tutaiita CFL kama wazee walivyoiita. Mpango wa kwanza ulikuwa mkubwa: reli kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kwenda mpaka Mahagi kwenye Ziwa Albert, na nyingine kuelekea Tanganyika. Ile ya Mahagi haikujengwa. Badala yake walifuata mto Lualaba, wakaweka reli tu pale maporomoko yanapozuia meli. Kisangani mpaka Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, kilomita 125, ilikamilika 1906. Kindu mpaka Kongolo ikafuata karibu na 1911. Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie, ilifika ziwani 1915. Meli, treni, meli, treni. Mzigo mmoja ulishushwa na kupandishwa mara nyingi kwa mabega ya watu mbele ya kufika.

Malipo ya kampuni hiyo ndiyo yanatuhusu. Ilipewa ardhi na misitu ya hektari milioni 4, pamoja na haki kwenye madini. Kutoka tumboni mwa CFL na kundi la Empain, mwaka 1923, ikatoka kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, ambayo wazee wetu waliijua kama MGL. Hiyo ndiyo ilizunguka Kivu ikitafuta dhahabu na bati, na mwaka 1976 iliunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI. Kwa hiyo tuseme ukweli kama ulivyo: reli haikufika Kivu ya Kaskazini, lakini kampuni ya reli ilifika. Ilichukua malipo ya reli mahali ambapo haikuweka hata taruma moja. Mimi sioni namna ya kulisema jambo hilo kwa upole zaidi.

Kuna watakaonikumbusha treni ya Uvira. Ni kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na reli ndogo kutoka Uvira kupanda bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, na nia ilikuwa kuendelea mpaka Bukavu. Ilisimama chini ya milima. Ziwa Kivu liko karibu mita 700 juu ya Tanganyika, na kupandisha treni kwenye korongo la Ruzizi kulidai pesa ambazo hakuna aliyetaka kuzitoa. Uhuru ulipokuja 1960, reli hiyo ilikuwa imekwisha kufa.

Turudi kwenye upana, maana hapo ndipo ulimi wetu unaanza kusema.

CFL ilijenga kwa upana wa mita 1 kamili kati ya reli na reli. Wajerumani walikuwa wamefanya hivyohivyo upande wa pili wa ziwa: reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914 kwa mita 1. Waingereza wa Mombasa pia, mita 1. Kwa hiyo kwa miaka 40 Kongo ya mashariki ilikuwa ndugu wa pwani ya Waswahili kwa kipimo. Ubelgiji ulipewa hata sehemu zake za bandari kule Kigoma na Dar es Salaam kwa mkataba wa 1921. Behewa la Kabalo na behewa la Tabora, ukiyaweka kwenye reli moja, yanatembea.

Kusini mambo yalikuwa mengine. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitoka Rhodesia, na ilikuja na kipimo cha Afrika Kusini: milimita 1067. Katanga yote ikakua juu ya kipimo hicho. Kule Uele walijenga nyingine ya milimita 600. Reli ya Matadi ilianza nyembamba, ikapanuliwa kati ya 1923 na 1932. Nchi moja, bendera moja, na njia ambazo haziwezi kushikana mikono.

Mtu atasema: kati ya 1000 na 1067 kuna milimita 67 tu, upana wa vidole vitatu au vinne. Si waongeze reli ya tatu pembeni, treni zote mbili zipite? Hapo ndipo kile kigari cha mezani kinakuwa mwalimu. Jaribu. Kwenye kipimo chetu cha 1 kwa 20, mita 1 inakuwa milimita 50, na ile nyingine inakuwa milimita 53 na kitu. Tofauti ni milimita 3 na kidogo. Chuma chako chenyewe kina unene wa karibu hivyo, kwa hiyo reli ya tatu haina pa kukaa. Kwenye treni ya kweli iko vilevile: kitako cha reli kina upana wa karibu sentimita 10, na wewe una nafasi ya sentimita 6 na nusu. Reli mbili haziwezi kulala kitanda kimoja. Kama tofauti ingekuwa kubwa, ingewezekana. Udogo wake ndio unaoleta shida.

Basi lazima kuhamisha. Kwenye njia iliyonyooka kazi ni ya jasho tu: unafungua reli moja, unaisogeza milimita 67, unatoboa matundu mapya kwenye mataruma, unafunga. Watu wengi, siku nyingi, lakini akili si nyingi. Ukifika kwenye njia panda, mambo yanageuka. Ulimi umechongwa ufikie reli mama kwa pembe fulani. Moyo umekaa mahali ambapo reli mbili zinakatana kwa upana fulani. Ukiongeza upana, mahali pa kukatana panakimbia mbele. Fanya hesabu: kama moyo wako una mteremko wa 1 kwa 8, milimita 67 za pembeni zinausukuma moyo kwenda mbele kati ya nusu mita na mita 1 hivi, kutegemea namna ulimi ulivyokatwa. Kwa hiyo huwezi kusogeza. Unang'oa yote na kujenga upya: ndimi, fimbo, moyo, reli za kulinda ukingo, mataruma marefu. Na kila stesheni ina njia panda nyingi. Yule mwenye treni ya mezani anajua jambo hili bila kusoma chuo, kwa sababu ameshaharibu vyuma vyake kadhaa akijaribu kuidanganya hesabu hiyo.

Mwaka 1955 walifanya kazi hiyo. CFL iligeuza reli zake za Kindu na Kalemie kutoka mita 1 kwenda 1067, na mwaka uliofuata zikaunganishwa na reli za Katanga kupitia Kabongo na Kamina. Kwa mara ya kwanza behewa liliweza kutoka Tanganyika au Kindu na kushuka mpaka Lubumbashi bila kufunguliwa mlango. Siwezi kusema kazi ilikuwa mbaya. Kwa upande wa uhandisi ilikuwa ya heshima, na kwa mtu wa Kalemie ilileta faida. Ila angalia jambo lilivyo: siku ile reli zetu za mashariki ziligeuza uso kutoka pwani kwenda kusini. Meli iliendelea kuvuka kwenda Kigoma, ndiyo, lakini magurudumu ya pande mbili za ziwa hayakuwa tena ndugu.

Kipande kimoja hakikuguswa: Kisangani mpaka Ubundu. Zile kilomita 125 za 1906 zilibaki na mita 1 mpaka leo, peke yake katika nchi nzima, kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Sasa chukua ramani na rula. Weka ncha Walikale-centre. Pima kwa mstari ulionyooka mpaka Ubundu: kilomita 300 na kidogo. Pima mpaka Kindu: kilomita 290 hivi. Geuka mashariki, vuka mpaka, pima mpaka Kasese chini ya Ruwenzori, kule Uganda: tena karibu 290. Ukianzia Masisi, Kasese inakaribia zaidi, kama 225. Nilipopima mara ya kwanza nilirudia, nikidhani rula imenidanganya. Tuko katikati kabisa ya miisho mitatu ya reli, na hakuna hata mmoja uliotufikia.

Kilichonishika zaidi ni miaka yenyewe. Reli ya Kasese ilifunguliwa 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Ilikuja na mita 1, ikitoka Mombasa kupitia Kampala. Maana yake, kipimo cha mita 1 kilifika kwenye mlango wetu wa mashariki mwaka mmoja tu baada ya Kindu kukiacha. Kama mhandisi angetaka mwaka 1957 kuchora njia kutoka Kasese, apite kwetu, ashuke mpaka Lualaba, angekuta Ubundu kuna kipimo chake na Kindu kuna kipimo kingine. Sisemi angeijenga, milima ya Masisi na msitu wa Walikale ni mchezo mgumu, na pesa ya mkoloni ilikuwa inatazama Katanga. Nasema tu kwamba hata karatasi ilikuwa imekwisha kuwa ngumu.

Kilichofuata munakijua kuliko mimi. Kasiterite ya Bisie ilipogunduliwa 2002, ilitoka msituni kwa mabega: vijana wenye kilo 50 mgongoni, kwa njia ya miguu ya siku nzima na zaidi mpaka Njingala. Kutoka hapo ilipanda ndege, na ndege zilikuwa zinatua Kilambo, juu ya lami ya barabara ya Bukavu na Kisangani yenyewe, kwa sababu kipande hicho kilikuwa bado kizuri. Barabara iliyojengwa kwa malori ikawa uwanja wa ndege, na malori hayakuwa na pa kupita. Mgodi wa viwanda wa Alphamin ulipoanza kutoa bati 2019, mzigo ukashika tena barabara kuelekea mashariki. Bati ni zito na kilo yake ina bei. Lakini muhogo, mawese na mbao haviwezi kulipa ndege. Hapo ndipo mkulima wa Walikale analipa deni la reli ambayo hakuikopa.

Masisi angalau walijitengenezea jibu la mbao. Chukudu haina ulimi wala moyo. Mwenye nayo anageuza usukani, anashuka na maharagwe, viazi na makala mpaka Goma, na hakuna anayemuuliza upana wa magurudumu. Siku nyingine nitaiandikia makala yake, inastahili.

Leo kuna ramani mpya zinazozunguka kwenye simu zetu. Tanzania na Burundi zina mpango wa reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, na inatajwa kwamba iendelee kuingia Kongo mpaka Uvira na Kindu. Kipimo chake ni 1435. Ikifika Kindu kweli, itakutana na 1067 ya mwaka 1955. Safari hii tofauti ni milimita 368, na hapo reli ya tatu inakaa vizuri kabisa: treni mbili za upana tofauti zinaweza kutumia njia moja, kila moja na reli yake ya nje, na moja ya kushirikiana. Ila njia panda yake inataka ulimi zaidi ya wawili na moyo zaidi ya mmoja, na mtu lazima achague mapema reli ya kushirikiana ikae upande gani, kwa sababu jukwaa la stesheni litafuata upande huo. La sivyo, Kindu itakuwa kama Kidatu kule Tanzania, ambako reli ya TAZARA ya 1067 inakutana na ile ya kati ya mita 1, na mzigo unahamishwa kutoka behewa hili kwenda lile.

Mimi nimeichora njia panda hiyo ya reli tatu kwa kipimo cha 1 kwa 20, kwenye karatasi nne zilizobandikwa pamoja. Mwenye jiliwa na tupa kali, aandike hapa chini. Chuma bapa kinapatikana Goma kwa mita, na ulimi wa kwanza nitausugua mwenyewe.